Sura ya Saba: Breki Isiyokanyagwa

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa mistari kumi na mmoja tu, na Kapteni Sargilana wa polisi alikuwa ameyasoma mara tatu kabla chai yake ya maziwa haijapoa. Aliyeyaandika ni askari wa kijiji, Jumanne jioni, akiwa amekaa pembeni ya kitanda cha hospitali, kwa mwandiko wa duaraduara kama wa mtoto wa darasa la tatu.

"Mimi, Tolbon Sivtsev, dereva wa zahanati, miaka hamsini na mitatu, ndiye niliyekuwa nikiendesha. Kwenye mteremko wa kushukia mtoni nilikanyaga breki kwa nguvu. Gari likateleza, likatoka njiani, likapinduka. Abiria wangu, mkunga Saina, akafa. Kosa ni langu peke yangu."

Yaliyobaki yalikuwa tarehe na namba ya gari.

Mwendesha mashtaka alilitaka faili kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Kosa la namna hiyo lilikuwa na miaka mitano ndani yake. Tolbon angekwenda kuitumikia bila vidole, kwa kuwa daktari alikwisha kupanga kumkata vinane asubuhi hiyohiyo. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, ila breki. Tolbon alikuwa na miaka thelathini na mmoja barabarani. Nusu ya madereva wa wilaya walifundishwa naye, na kabla hajamwonyesha mtu ufunguo unaingia wapi, alikuwa akimwambia kwamba kwenye barafu mguu wa breki huachwa nyumbani.

Alipofungua mlango wa ofisi akamkuta Michil kwenye benchi la ukumbini. Michil alikuwa mume wa marehemu, mchochea tanuri la kupashia moto nyumba za kijiji, na majivu yalikuwa bado kwenye mikono ya koti lake. Kofia ameipakata.

"Dada Kapteni, faili limekwenda?"

"Bado, Michil."

"Bado nini? Mtu amekiri mwenyewe. Au mnaungoja mto nao uje utoe ushahidi?"

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na uso wake haukusogea. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma bei za vitu dukani.

"Ninakwenda kwenye mteremko," Kapteni akasema. "Nikirudi nitapitia hospitali."

"Zamani alikuwa akinywa. Kila mtu anajua. Kaandike na hilo."

"Damu yake imepimwa. Haina kitu."

"Basi kaandike kwamba haina kitu," Michil akasema, akatazama sakafu. "Nitakungoja hospitali. Nyumbani kumejaa watu wanaokula."

Aliyemwendesha Kapteni siku hiyo ni Keskil, fundi wa karakana ya polisi, mtu mfupi mwenye mdomo usio na kufuli. Kutoka mjini hadi mtoni ni kilomita sitini, na kipimajoto cha ukutani kilisema nyuzi hamsini na moja chini ya sifuri. Keskil aliendesha kama mtu aliyepakata sufuria ya mchuzi uliojaa hadi ukingoni. Mafuta aliyakanyaga kidogokidogo, usukani akauzungusha kwa vidole, na gari lolote lililotangulia akaliachia nafasi ya kupitisha kundi zima la farasi. Moshi wa magari katika baridi ile hauondoki. Hukaa barabarani kama pazia, na nyuma ya pazia hujui kuna nini.

"Dada, nakuuliza kitu," Keskil akasema. "Tolbon na breki. Unaamini?"

"Wewe unaamini?"

"Mimi alinichapa kofi la kisogo mwaka niliojifunza, kwa sababu niliigusa breki kwenye kidimbwi kilichoganda. Nilikuwa na miaka ishirini na mke tayari. Kofi! Mbele ya mke!"

Hapo gari refu jeusi la Kijapani likawapita kwa mwendo wa harusi, likawamwagia theluji kioo kizima. Keskil akaondoa mguu kwenye mafuta, akangoja kioo kitakate, akaendelea na mchuzi wake. Kilomita sita mbele wakalikuta lile jeusi limelala mtaroni, pua ndani ya theluji, na mwenyewe kasimama kando na viatu vya ofisini.

"Kaka," Keskil akamwita akiteremsha kamba, "ulitupita hata salamu hukutoa."

"Sijui limekuwaje. Lina magurudumu yote manne yanavuta, lina kila kitu."

"Yanavuta, ndiyo. Manne yatakusaidia kuondoka. Kusimama, barafu haijali unayo manne au unayo arobaini. Funga kamba hapo. Siyo hapo! Unataka nikung'olee bampa ukalilie nyumbani?"

Wakalivuta, wakaenda zao. Kapteni hakushuka. Alikuwa akiangalia upande wa kulia wa njia. Kwenye nguzo ya kilomita arobaini akainua mkono.

"Simama polepole."

Kando ya njia, theluji ilikuwa imekanyagwakanyagwa. Palikuwa na shimo la mraba lililoachwa na jeki, na tairi lililopasuka limeegemezwa kwenye nguzo. Karibu yake ililala glavu moja ya mkono, ya manyoya, kubwa, ngumu kama gogo. Kapteni akaiokota, akainusa.

"Petroli," akasema.

Keskil naye akanusa. "Alikuwa akimimina mafuta ya akiba, yakamwagikia. Glavu yenye petroli katika baridi hii, dada, afadhali mkono mtupu. Akazivua zote mbili, akafunga nati za gurudumu kwa vidole." Akaangalia vidole vyake mwenyewe. "Nati sita."

Kapteni akaifunga glavu kwenye mfuko, akaandika kwenye daftari: kilomita ya arobaini, gurudumu la mbele kulia.

Juu ya mteremko, askari wa kijiji alikuwa amefunga kamba tangu Jumanne, na magari yalizungukia njia nyingine. Askari yule mwandiko hakuwa nao, lakini kamba alijua kuifunga. Upepo haukuvuma siku zote tatu, kama kawaida ya mwezi ule, na theluji ilikuwa imetunza kila kitu.

Kabla ya kushuka pana mti wa lachi uliofungwa vitambaa na nywele za farasi. Hapo kila gari husimama. Anayeshuka kuulisha mto ni yule atakayeshika usukani, si mwingine. Huweka chapati chache nyembamba za siagi, humwaga tone la kinywaji, husema maneno yake kimoyomoyo, halafu hupanda. Abiria hukaa kimya ndani. Hata kama abiria ni gavana.

Chini ya mti palikuwa na chapati tatu zimeganda kama vigae.

"Njoo hapa," Kapteni akaita. "Usikanyage. Nisomee."

Keskil akachuchumaa. Toka mahali pa mlango wa kushoto wa gari, upande wa dereva, nyayo ndogo za viatu vya manyoya zilikwenda hadi mtini, zikasimama sambamba, zikarudi mlango uleule wa kushoto. Keskil akaweka kiganja chake kando ya unyayo mmoja. Ulizidi kiganja kidogo tu.

"Tolbon anavaa viatu kama mitumbwi," akasema taratibu.

"Na mitumbwi iko wapi?"

Ilikuwa upande wa kulia. Iliteremka kutoka mlango wa abiria, ikaenda gurudumu la mbele la kulia, na hapo palikuwa na alama ya goti. Kisha ikalizunguka gari kwa mbele hadi gurudumu la kushoto. Hapo tena goti, na safari hii magoti mawili, yamezama sana, ya mtu aliyekaa muda mrefu. Halafu ikarudi kwa njia ileile hadi mlango wa abiria.

Kapteni akapiga picha zote, moja moja, akiiingiza kamera ndani ya koti baada ya kila picha ili isife. Kisha wakashuka kwa miguu, kila mmoja ukingo wake.

Mteremko ulikuwa na mita kama mia mbili, na katikati kona, ambako maji ya chemchemi hutoka chini ya udongo yakaganda juu ya barabara, tabaka juu ya tabaka. Keskil alilala kifudifudi, akapangusa umande wa barafu kwa brashi ya rangi aliyokuja nayo mfukoni. Alitambaa hivyo kona nzima. Alipoinuka nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mzee.

"Dada, gurudumu likifungwa na breki huisugua barafu. Huacha utepe unaong'aa kama kioo. Sawa? Hapa hakuna utepe. Kuna meno ya tairi tu, yamejichapa vizuri toka juu hadi pale lilipoondoka. Magurudumu yote yalikuwa yanazunguka."

"Mwendo?"

"Wa mtu anayesindikiza jeneza. Samahani." Akajipangusa. "Gia ya kwanza, na ile ndogo ya milimani imeingizwa. Injini ndiyo iliyokuwa inalizuia gari, kama inavyotakiwa. Halafu angalia hapa. Mkia unaanza kutoka, magurudumu ya nyuma yanapita nje ya yale ya mbele. Mtu mwingine angepiga kelele na kukanyaga. Huyu ameufuata mkia kwa usukani, polepole. Akaushika. Ukatoka tena. Akaushika tena. Mara tatu, dada! Ya nne njia imekwisha."

"Aliyeendesha alikosea nini?"

"Hakukosea. Ndicho ninachokuambia. Hapa hapana kosa. Gari la kuvuta manne haliwezi kufanya hivi kwa mwendo huu. Mkia unatoka namna hii pale tu nyuma panapozuia peke yake, na mbele pakisindikiza."

Gari la zahanati, lile lenye umbo la mkate ambalo kila kijiji kinalo, lilikuwa limelala chini ya ukingo kwa paa, magurudumu juu kama mende. Keskil akajipenyeza ndani kwa dirisha. Akatoa chupa ya pombe.

"Haa! Kesi imekwisha. Twende nyumbani."

"Imepungua kiasi gani?"

Akaiinua kwenye jua. "Kidole kimoja."

"Kidole hicho ni cha mto, kule mtini. Rudisha. Wenzo wa gia?"

"Ya kwanza. Ule mdogo wa magurudumu manne nao umeingia, mbele na nyuma." Sauti yake ikatoka ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Dada, kiti cha dereva kina kitu. Ngozi ya kulungu imekunjwa mara nne, imefungwa kwenye mgongo wa kiti. Kwa shali. Shali ya sufi, ya kike."

"Ili?"

"Ili mtu mfupi afikie klachi. Tolbon akikaa hapa na ngozi hii mgongoni, magoti yatamgusa kidevu."

Kapteni akaandika. Mkono wake ulikwisha kupoteza hisia, herufi zikawa kubwa. Akahamia kwenye magurudumu ya mbele. Magari haya ya zamani, wenzo peke yake hautoshi. Lazima dereva ateremke azungushe habu za magurudumu ya mbele, kulia na kushoto, ndipo mbele pashike. Kwenye barabara ngumu huziachia huru, ili mafuta yasiishe bure. Kabla ya mteremko huzifunga.

Habu ya kulia ilikuwa imefungwa. Juu ya chuma chake palikuwa na kipande cha ngozi, chembamba kama ganda la kitunguu, na mistari ya vidole juu yake.

Habu ya kushoto kishale chake kilielekea kwenye huru.

Keskil alikuja akasimama nyuma yake. Akalisukuma gurudumu la kushoto kwa kidole kimoja, likazunguka, likazunguka, likasimama lenyewe.

"Moja iliyofungwa ni sawa na hakuna," akasema. "Difu inayogawa nguvu huipeleka yote kwenye ile iliyo huru. Ndani ya gari huwezi kujua. Wenzo unakuambia manne, na wewe una mawili." Akavuta kamasi. "Yeye aliambiwa manne."

Kapteni akakata kile kipande cha ngozi na barafu yake kwa kisu, akakitia kwenye kopo.

Hospitalini walimvua koti na kumpa joho jeupe. Michil alikuwa amekaa ukumbini kama alivyoahidi. Wakatazamana, Kapteni akapita.

Tolbon alikuwa peke yake chumbani. Mtu mrefu, miguu imetokeza nje ya kitanda, mikono yote miwili imefungwa bendeji, imewekwa juu ya blanketi kama vitu vya mtu mwingine.

"Kapteni. Umeleta karatasi?"

"Nimeleta maswali, kaka."

"Nimeshajibu yote."

"Haya ni mapya. Ulikanyaga breki wapi?"

"Kwenye kona."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Wewe, Tolbon?"

"Mtu huchoka."

"Nimetoka huko. Kona nzima imepigwa brashi. Hakuna gurudumu lililofungwa breki. Gia ya kwanza, mwendo wa pole, na mkia umeokolewa mara tatu."

Tolbon aliendelea kutazama dari. "Basi nilifanya hivyo. Nimesahau. Nilijigonga kichwa."

"Nani aliulisha mto?"

"Mimi."

"Kwa viatu vya nani?"

Nje ya chumba gari la chakula lilipita, vijiko vikilia.

"Chini ya mti kuna nyayo za mwanamke zilizotoka mlango wa dereva zikarudi mlango wa dereva," Kapteni akasema. "Kiti kina ngozi ya kulungu imefungwa kwa shali. Glavu yako yenye petroli iko kilomita ya arobaini. Mikono yako haikufa baada ya ajali, kaka. Ilikufa ukifunga nati. Kutoka pale ulikuwa abiria."

"Umekuja kunisomesha udereva?"

"Nimekuja kukuuliza habu ya kushoto."

Hapo ndipo Tolbon alipofumba macho. Hakulia. Alifumba tu, kama mtu anayezima taa ya chumba asichokihitaji. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja vituo vya safari.

"Alisema turudi. Nikamwambia ng'ambo kuna mwanamke ana uchungu tangu asubuhi, na nyuma kuna kilomita arobaini, mbele kuna ishirini. Akasema basi nitaendesha. Leseni hana, lakini nimemfundisha mwenyewe, miaka miwili, kila tukienda vijijini. Anaendesha kuliko wanaume wengi. Tukafika mtini. Akaenda kuulisha mto. Mimi nikashuka nifunge habu. Ya kulia ilifunga. Nilisikia kitu kimebaki pale, sikuona uchungu. Nikaenda ya kushoto. Vidole vikagoma. Nikajaribu kwa kiganja. Nikajaribu kwa meno."

"Kwa meno."

"Angalia mdomo." Midomo ilikuwa na vidonda vyeusi. Kapteni alidhani ni vya ajali. "Nikapiga magoti pale. Nikamsikia anarudi, anapanda, anafunga mlango. Akafungua kioo kidogo: 'Kaka Tolbon, tayari?' Nikasema tayari. Akauliza, 'Yote manne yameshika?' Nikasema yote manne yameshika."

"Yeye mikono alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo. Kapteni, yeye alikuwa ameshanifungia vifungo vya koti. Kilomita ya arobaini. Alinifungia koti na kofia, akanipangusa kamasi kama mtoto. Nikaona nikimwambia na habu nayo afunge yeye, sasa mimi ni nani humu garini? Nikasema, mteremko ni mfupi. Nimeushuka mara elfu."

Kapteni hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini hakuandika.

"Sasa breki uliitoa wapi?"

"Nilimuuliza yule askari: mtu akisema tayari, na haiko tayari, hilo ni kifungu gani? Akadhani homa. Akasema lala, mzee. Kosa langu halina kifungu, Kapteni. Nikachukua lenye kifungu."

"Kipo kimoja. Kumwachia usukani asiye na leseni. Ni faini, na unanyang'anywa leseni."

Tolbon akafumbua macho, akaiangalia mikono yake. "Leseni. Haya, chukueni." Kitu kama kicheko kikampita kooni. "Kapteni, nakuomba. Liache faili liende lilivyo. Miaka mitano kwangu ni nini? Michil ana mtu wa kumchukia. Ukimwondolea mimi, atabaki na nani? Mto?"

"Na Saina?"

"Saina ametulia."

"Sikiliza, kaka. Ukisema wewe ndiye uliyeendesha, mwendo ule unakuwa wako. Mara tatu aliuokoa mkia, akiwa na magurudumu mawili, akidhani anayo manne. Hakuna dereva wa wilaya hii anayefanya hivyo. Wewe unaweza?"

"Ya tatu," Tolbon akasema, "nilimwona akiishika ya tatu. Nikasema moyoni, tumepona."

"Ukitia saini yako, kesho atazikwa kama mzigo uliokuwa garini."

Dirisha lilikuwa limeziba barafu, mwanga ukaingia mweupe, usio na umbo. Tolbon akaugeukia.

"Nani atamwambia Michil?"

"Mimi."

"Hapana. Mwite."

Michil aliingia na kofia mkononi. Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda, akaitazama mikono iliyofungwa, akaondoa macho.

"Michil," Tolbon akasema, "Saina hakuwa abiria. Ndiye aliyeendesha. Mikono yangu ilikuwa imekwisha. Habu ya kulia niliifunga, ya kushoto ikanishinda. Aliniuliza kama yote manne yameshika. Nikamwambia yameshika. Sikukanyaga breki. Sikuwa na pa kukanyaga."

Michil alisikiliza bila kubadili chochote usoni. Kofia ikazunguka mkononi nusu duara, ikasimama.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliona aibu."

"Mbele ya Saina?"

"Mbele ya Saina."

Michil akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa nauli imepanda. "Yeye alikuwa amekwisha kuona matako ya kijiji kizima," akasema. "Wewe ukamwonea aibu vidole."

Hakuna aliyecheka. Tolbon alisema, "Nichukie tu. Mimi sitasogea."

"Yule mwanamke wa ng'ambo?"

"Amejifungua," Kapteni akasema. "Mama mkwe wake alimpokea mtoto. Wa kike."

Michil akatikisa kichwa tena. Kisha akamgeukia Kapteni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na kitu ndani, kidogo, kama mlango wa mbali unaofunguliwa.

"Alikuwa na gia gani?"

"Ya kwanza. Na ile ndogo."

"Usukani?"

"Aliufuata mkia. Mara tatu."

"Na breki?"

"Hakuigusa."

Michil alikaa kitandani, pale miguuni, uzito wote kwa pamoja, hata chuma kikalia. Miguu mirefu ya Tolbon ikabidi ijisogeze kumpisha. Akakaa hapo akitazama ukuta, kofia magotini, majivu yakidondoka kwenye shuka.

"Mimi ningeigusa," akasema.